Kalipa

Kalipa ni kifaa cha mkononi cha kupimia urefu mdogo, hasa kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, unene na kina. Kalipa ya kawaida hupima kuanzia sifuri hadi milimita 150 na husomeka kwa hatua za milimita 0.1, 0.05, 0.02 au 0.01 kulingana na aina yake. Hutumiwa na wakerezaji, mafundi wa mashine, masonara, maseremala na wanafunzi wa fizikia.

Katika mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, kalipa ni kifaa muhimu katika karakana zinazotengeneza mashine za kukamua mafuta ya alizeti na mashine za kusaga nafaka. Mashine hizo huzunguka juu ya beringi, na shafti iliyokerezwa vibaya huharibu beringi mpya kwa muda mfupi. Likitokea hilo baada ya mavuno, magunia ya alizeti yanapopanga foleni, mwenye mashine hupoteza wateja na fundi hupoteza jina. Hata hivyo mafundi wengi hujinunulia vifaa wenyewe kwa fedha kidogo, kwa hiyo suala la kuchagua kalipa ya bei nafuu inayoaminika si dogo kwao.

Jina

Neno "kalipa" limetoka katika Kiingereza. Mafundi wengi husema "vernia" tu, kwa kufuata jina la skeli ndogo iliyo kwenye aina ya kawaida ya kifaa hiki. Wanafunzi wa Tanzania hukutana nacho kidato cha kwanza katika somo la fizikia, kwenye mada ya vipimo, pamoja na rula ya mita na mikromita. Kwa kuwa somo hilo hufundishwa kwa Kiingereza, wengi hulijua jina la Kiingereza kabla ya lile la Kiswahili.

Kuna pia kalipa zisizo na skeli, zenye miguu miwili iliyopinda mithili ya bikari. Hizo huchukua kipimo cha kitu, kisha kipimo hicho husomwa kwenye rula. Ni za kale zaidi na bado ni rahisi kutengenezwa na mhunzi yeyote, lakini usahihi wake hauwezi kuzidi ule wa rula inayosomewa.

Historia

Skeli ya vernia imepewa jina la Pierre Vernier (1580–1637), mtaalamu wa hisabati kutoka Ornans, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alieleza wazo lake katika kitabu kilichotolewa Brussels mwaka 1631. Kabla yake Mreno Pedro Nunes alikuwa amependekeza njia nyingine ya kusoma sehemu ndogo za skeli, lakini ilikuwa ngumu kutengenezwa. Mwaka 1851 huko Marekani, Joseph R. Brown alianza kutengeneza kalipa za vernia kwa ajili ya mafundi wa kawaida, na tangu hapo kifaa kikaacha kuwa mali ya wanaastronomia na watengenezaji wa saa peke yao.

Sehemu zake na jinsi ya kusoma

Kalipa ina ufito mrefu wenye skeli kuu ya milimita. Mwishoni mwa ufito kuna taya lisilosogea. Taya la pili limeungana na kitelezi kinachopita juu ya ufito. Mataya makubwa ya chini hupima nje ya kitu, mataya madogo ya juu hupima ndani ya tundu, na kijiti chembamba kinachotokeza upande wa nyuma hupima kina. Juu ya kitelezi kuna skrubu ya kukibana ili kipimo kisipotee wakati wa kusoma.

Skeli ya vernia imechorwa kwenye kitelezi. Katika kalipa ya 0.02, milimita 49 zimegawanywa katika sehemu 50 zilizo sawa, kwa hiyo kila sehemu ni pungufu ya milimita moja kwa 0.02. Msomaji huangalia kwanza sifuri ya vernia imepita milimita ngapi kwenye skeli kuu, halafu hutafuta mstari mmoja wa vernia ulionyooka kabisa na mstari wa skeli kuu. Tuseme sifuri imepita 24, na mstari wa 47 wa vernia ndio unaolingana: 47 mara 0.02 ni 0.94, na kipimo ni milimita 24.94. Jicho lazima litazame moja kwa moja juu ya mstari. Ukitazama kwa pembeni, mstari jirani utaonekana ndio unaolingana.

Kwa nini rula haitoshi

Mfano mzuri ni beringi zenye nyumba yake ya chuma cha kumimina, zinazofungwa kwenye mashine nyingi za kusaga na kukamua. Beringi yenye namba UC205 ina tundu la milimita 25. Beringi yenye namba UC205-16 ina tundu la inchi moja, yaani milimita 25.4. Kwa nje zote mbili zina kipenyo kilekile cha milimita 52 na huingia kwenye nyumba ileile. Mashine zilizotengenezwa kwa inchi na zile zilizotengenezwa kwa milimita hukutana katika kijiji kimoja, na fundi anayepima shafti kwa rula au futi ya kamba hataiona tofauti ya 0.4. Akifunga beringi ya inchi kwenye shafti ya milimita 25, skrubu za kubania zitaishika kwa siku chache, kisha shafti itaanza kujizungusha ndani ya beringi na kujila yenyewe. Kalipa yoyote, hata ile ya bei ya chini kabisa ya plastiki, inaiona tofauti hiyo bila shida.

Kalipa husaidia pia kuitambua beringi iliyofutika namba. Vipimo vitatu vinatosha: tundu, kipenyo cha nje na upana. Beringi yenye 25, 52 na 15 ni 6205. Yenye 25, 62 na 17 ni 6305. Kuanzia 04 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita, kwa hiyo 6204 ni 20 na 6206 ni 30. Anayekwenda dukani akiwa na vipimo hivyo kwenye karatasi hahitaji kubeba beringi chakavu yenye grisi mfukoni.

Kusomeka na kuwa sahihi ni mambo mawili

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kudhani kwamba kalipa inayoonyesha tarakimu nyingi ndiyo sahihi zaidi. Kalipa ya kidijitali huonyesha hatua za 0.01, lakini hata zile za kampuni zenye sifa, kama Mitutoyo ya Japani, hutangazwa kuwa na kosa linaloruhusiwa la takriban 0.02 juu au chini kwa ukubwa wa milimita 150. Kwa maneno mengine tarakimu ya mwisho haiwezi kutegemewa peke yake. Kalipa isiyojulikana ilikotoka inaweza kuonyesha 25.01 kwa uhakika uleule, huku kitu chenyewe kikiwa na 24.95.

Kuna jambo la tatu ambalo kwa fundi mwenye fedha kidogo lina uzito kuliko yote mawili, nalo ni uwezo wa kurudia. Kifaa kinachotoa jibu lilelile kila mara kinapopima kitu kilekile kinafaa kwa kazi nyingi hata kama jibu hilo limepotoka kidogo. Sababu ni kwamba kazi nyingi za ukarabati ni za kulinganisha. Fundi hupima sehemu ya shafti ya zamani ambayo haijalika, kisha hukereza shafti mpya mpaka kalipa ileile isome vivyo hivyo. Ikiwa kalipa inazidisha 0.03 katika kipimo cha kwanza, itazidisha 0.03 pia katika cha pili, na kosa litafutika. Kalipa inayosoma 25.00 asubuhi na 25.06 mchana haiwezi kuokolewa kwa hesabu yoyote.

Aina na thamani yake kwa bei

Kalipa ya plastiki ndiyo ya bei ya chini. Inatosha kwa seremala, mwalimu wa maabara mwenye darasa kubwa na mtu anayetaka kujua ukubwa wa bolti. Mataya yake hupinda yakibanwa, na kitelezi hulegea mapema, kwa hiyo haifai kwa shafti.

Kalipa ya vernia ya chuma cha pua kisichoshika kutu, yenye hatua za 0.02 au 0.05, haina betri, haina gia na haina kioo. Inayo kasoro moja: huchosha macho, hasa katika karakana yenye mwanga hafifu au kwa fundi aliyepita umri wa miaka arobaini. Mtu mwenye tatizo hilo afadhali achague ya 0.05, ambayo mistari yake imeachana, kuliko kulipia 0.02 asiyoweza kuisoma.

Kalipa ya saa ina mshale unaozunguka kwenye sahani, ukiendeshwa na kigurudumu chenye meno kinachopita juu ya meno madogo ya ufito. Husomeka haraka. Lakini punje moja ya vumbi au chembe ya chuma ikiingia kwenye meno, mshale huruka na sifuri hupotea. Singida ni mkoa mkavu, wenye upepo na vumbi kwa miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo aina hii huhitaji uangalifu ambao karakana ya wazi kando ya barabara haiwezi kuutoa kwa urahisi.

Kalipa ya kidijitali ni rahisi kusoma na hubadilisha milimita kuwa inchi kwa kubonyeza kitufe, jambo lenye manufaa penye mashine za aina mbili. Zile za bei nafuu huendelea kula betri hata zikiwa zimezimwa, kwa sababu umeme wake wa ndani hauzimiki wote. Inafaa kutoa betri jioni. Unyevu, mafuta ya kupoza na uchafu kwenye ufito huweza kuifanya isome mambo yasiyokuwapo. Mnunuzi anayetegemea aina hii awe na uhakika wa kupata betri yake, ambayo mara nyingi ni ile ndogo ya kifungo iitwayo LR44, katika mji anamofanyia kazi.

Kwa fundi mwenye fedha ya kalipa moja tu, vernia ya chuma ndiyo inayotoa thamani kubwa kwa bei. Kalipa iliyotumika ya kampuni yenye sifa, ikiwa haijaanguka na mataya yake yako sawa, mara nyingi huizidi mpya isiyo na jina.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Kalipa mbili za aina moja kutoka katika sanduku moja zinaweza kutofautiana, ndiyo maana ni muhimu kuzijaribu pale pale dukani. Kwanza mataya hufutwa kwa kitambaa safi, hufungwa polepole na kuelekezwa kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati yake, mataya hayako sawa. Jicho linaweza kuliona hata pengo lililo chini ya milimita 0.01. Mataya yakiwa yamefungwa, sifuri ya vernia ilingane na sifuri ya skeli kuu, na mstari wa mwisho wa vernia ulingane na mstari wake pia. Ikiwa sifuri imepotoka lakini kwa kiasi kilekile kila mara, kosa hilo linaweza kutolewa kwenye kila kipimo. Ikiwa hubadilika, kalipa irudishwe.

Kisha kitelezi husukumwa mwanzo hadi mwisho wa ufito. Kinapaswa kwenda laini bila kukwama na bila kucheza huku na huku. Kwenye kalipa nyingi kuna skrubu mbili ndogo sana ubavuni mwa kitelezi za kurekebisha ulegevu huo, na wakati mwingine kalipa inayodharauliwa dukani inahitaji tu skrubu hizo kukazwa robo mzunguko.

Jaribio lenye faida kubwa ni la kupima kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Maabara hutumia vipande maalumu vya chuma vilivyosuguliwa kwa usahihi mkubwa, lakini duka la vipuri lina kitu kinachokaribia: beringi mpya. Kwa viwango vya kimataifa, beringi ya kawaida ya 6205 ina kipenyo cha nje cha milimita 52 ambacho kinaruhusiwa kupungua kwa 0.013 tu na hakiruhusiwi kuzidi, na tundu la 25 linaloruhusiwa kupungua kwa 0.010. Kosa hilo ni dogo kuliko hatua moja ya kalipa ya 0.02. Kalipa ikisoma 52.00 au 51.98 inastahili kununuliwa, ikisoma 52.10 haistahili. Kwa kuwa beringi bandia zipo sokoni, ni busara kupima mbili au tatu za watengenezaji tofauti.

Beringi hiyohiyo hupimwa kwanza karibu na ufito, kisha kwenye ncha za mataya. Vipimo vikitofautiana sana, taya linainama. Kila kalipa ina udhaifu huu kwa kiasi fulani kwa sababu skeli yake haiko kwenye mstari mmoja na kitu kinachopimwa, jambo ambalo mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alilieleza mwaka 1890. Ndiyo sababu mkerezaji mzuri huingiza kitu ndani karibu na ufito na kubana kwa kidole gumba bila nguvu. Kubana kwa nguvu hakuongezi usahihi, kunapinda kifaa.

Kwa kalipa ya kidijitali huongezwa jaribio moja: ifunguliwe na kufungwa mara kumi kwa mwendo wa haraka. Isiporudi sifuri, tatizo hilo halitaisha nyumbani.

Mahali inapofikia mwisho

Beringi inayozunguka pamoja na shafti huhitaji shafti iliyokaza kidogo. Mojawapo ya viwango vinavyotumika sana hutaka shafti ya milimita 25 iwe kati ya 25.002 na 25.015. Upana wote wa ruhusa hiyo ni 0.013, chini ya hatua moja ya kalipa ya 0.02. Hakuna kalipa, ya bei yoyote, inayoweza kuamua hapo. Kazi hiyo ni ya mikromita, ambayo kwa ukubwa wa 0 hadi 25 au 25 hadi 50 si lazima iwe ghali. Karakana isiyo nayo hutumia beringi yenyewe kama geji: fundi hukereza kwa kalipa mpaka akaribie, kisha hupunguza kidogo kidogo akijaribu beringi mpaka ishike bila kulazimishwa kwa nyundo.

Joto nalo huingia hapa. Vipimo vya kimataifa huhesabiwa kwa nyuzi 20 za selsiasi. Shafti ya chuma ya milimita 50 iliyotoka kwenye mashine ya kereza ikiwa na nyuzi 60 ni kubwa kwa takriban 0.02 kuliko itakavyokuwa ikipoa hadi nyuzi 20. Fundi anayepima ikiwa moto na kuridhika atakuta kesho yake beringi inacheza.

Tundu dogo hupimwa kwa tahadhari, kwa kuwa ncha za mataya ya juu zina ubapa na husoma kipenyo pungufu kuliko kilivyo.

Wajenzi hujaribu kutumia kalipa kugundua nondo zilizopunguzwa ukubwa, na hapo inaweza kuwadanganya. Nondo ina mbavu. Ikipimwa juu ya mbavu husoma zaidi, ikipimwa kati yake husoma pungufu. Mizani hutoa jibu bora: nondo ya milimita 12 inapaswa kuwa na kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 una takriban kilo 10.7, ile ya milimita 10 ina kilo 0.617 kwa mita. Bati nalo ni jembamba mno. Kwenye unene wa 0.30, kosa la kalipa la 0.03 tayari ni asilimia 10. Njia ya kupunguza kosa hilo ni kupima vipande kumi safi vilivyobanwa pamoja na kugawanya kwa kumi.

Utunzaji na ugezi

Kalipa hufutwa kila jioni na kupakwa mafuta mepesi kidogo sana, kwani mafuta mazito hunasa vumbi na kugeuka msasa. Huhifadhiwa kwenye kasha lake, mataya yakiwa yameachana kidogo, mbali na tupa na nyundo. Kitu kinachozunguka kwenye kereza hakipimwi kabla ya kusimama: mataya hulika, na mkono unaweza kuvutwa. Matumizi ya ncha za mataya kuchora mistari juu ya chuma ni ya kawaida sana katika karakana, na ndiyo njia ya haraka ya kuua kalipa nzuri.

Ulinganishaji rasmi wa kifaa na kipimo cha rejea huitwa ugezi. Nchini Tanzania Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina maabara ya ugezi jijini Dar es Salaam. Wakala wa Vipimo (WMA) hushughulika na vipimo vinavyotumika katika biashara, kama mizani na pampu za mafuta. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700 kwa barabara, na gharama ya safari pekee huweza kuzidi bei ya kalipa yenyewe. Ugezi una maana kwa kiwanda kinachouza vipuri kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye mkataba. Karakana ndogo hutunza beringi moja mpya kwenye mfuko wake wa mafuta, isiyofungwa kwenye mashine yoyote, na kuipima kila Jumatatu. Mafunzo ya kupima na kukereza hutolewa na vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kikiwemo cha Singida, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi yake mkoani humo.